Kutwa Moja Katika Hori la Tudor

Mtu wa bara akiambiwa kwamba kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa chombo kidogo kisicho na mashine chaweza kumpeleka mtu mmoja hata upande wa vilima vya Rabai, na kumrudisha mjini siku ile ile bila kuchoka sana, huenda akadhani ni porojo. Lakini ndivyo ilivyo, mradi mwenye chombo ajue kuhesabu mwezi. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kutwa na kucha, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Mwezi ukiandama, maji hujaa yapata saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Kisha kila siku husogea mbele kadiri ya dakika 50. Basi ifikapo tarehe 10 ya mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa 6 mchana. Siku hiyo ndiyo niliyoichagua, nipande na maji ya asubuhi na kushuka na maji ya alasiri.

Waingereza nao wana mashua zao nyembamba, upana wake kadiri ya futi 7 tu, zilizokuwa zikibeba makaa ya mawe katika mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18, na siku hizi watu huzitembelea kwa starehe. Huko chombo kikitaka kupanda mlima hufungiwa kati ya milango miwili, maji yakajazwa, kikainuka. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mwezi.

Chombo changu kilikuwa hori (na hapa lugha yetu ina mchezo wake, maana hori ni mkono wa bahari uingiao barani, tena hori ni chombo kidogo kilichochongoka mbele na nyuma). Nalichukua tanga dogo, upondo, kata ya kufulia maji, maji ya kunywa, na makafi mawili. Mawili, kwa sababu aliye peke yake akipoteza moja hana wa kumwazima.

Nalitoka saa 12 asubuhi, maji yakiwa yameanza kugeuka. Nyuma yangu ilisimama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Aitazamaye kutoka barabarani huona jumba la makumbusho. Aitazamaye kutoka majini, kichwa chake kikiwa chini ya mwamba wa matumbawe, huelewa kwa nini Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Ng'ambo ya pili, upande wa Nyali, alizikwa mkewe Johann Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Mwaka 1846 Krapf na mwenziwe Johannes Rebmann waliweka misheni yao Rabai.

Nalipita chini ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la zamani lililoelea juu ya maji. Mbele kidogo, mkono wa kushoto, ndiyo njia ya Makupa, iliyozibwa na tuta kwa miaka mingi. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya, kusudi maji yapite tena kati ya Tudor na Port Reitz.

Baada ya hapo kelele za mji hupungua na mikoko huanza. Zamani boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Arabuni. Sasa, karibu na Mikindani, naliona visiki vingi kuliko nilivyotarajia, na mahali pengine harufu ya maji machafu ya mji ilinifanya nizibe pua. Jambo hili si dogo, kwani kamba na samaki wachanga hukulia katika mizizi ile. Akataye mkoko amekata na kitoweo cha jirani yake. Lakini pia naliona miche iliyopandwa kwa safu, kazi ya vikundi vya wenyeji.

Upande wa Jomvu nalimkuta mzee mmoja akitega nyavu. Nalimwamkia, kisha nikamwuliza nitajuaje maji yamegeuka, maana hapo yametulia kama ya mtungini.

"Mwanangu," akasema, "usiyatazame maji, tazama mti. Ukiona shina la mkoko lina alama mbichi upana wa kidole juu ya maji, shika kafi lako. Ukingoja upana wa mkono, utalala topeni na mbu."

Nalikula mkate wangu wa mofa huku nimekodolea macho shina moja. Alama ilipotokea, nikaondoka.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu. Alasiri upepo wa bahari huinuka na kupambana na maji yanayotoka, na mawimbi mafupi huruka ndani ya chombo. Nalishusha tanga, nikapiga kafi na kufua maji kwa zamu, na baada ya daraja nikaambaa ufuo wa Mji wa Kale. Asiyeambaa mapema, maji huweza kumpitisha mbele ya Ngome na kumtoa hata mlango wa bahari kuu. Mbele ya Ngome hiyo ndipo ilipozama merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, na wapiga-mbizi waliichunguza kuanzia mwaka 1977. Nalifunga kamba saa 11 jioni, maji yangali yakikimbia.