Kichuguu chawafundisha mafundi

Kichuguu tunakijua. Wengine hukibomoa wapate udongo wa matofali. Lakini huko Harare, Zimbabwe, mchora ramani za nyumba Mick Pearce alikitazama, akapata wazo. Jengo lake la Eastgate lilimalizika mwaka 1996. Usiku feni huingiza hewa ya baridi ikapoza zege nene. Mchana hewa ya moto hupanda, ikatokea kwenye mabomba ya paani.

Sisi je? Tulipoacha msonge wa nyasi tukashika bati, nyumba zikawa na pembe, maana bati limenyooka, halizunguki. Halivuji, kweli, lakini saa nane mchana ndani hakukaliki! Basi fundi akipaua, mwambie aache matundu juu ya kuta, pande mbili, joto litoke. Mweke na wavu, popo wasiingie.