Plagi Isiyotoa Mlio

Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Volkswagen ilitangaza mpango wa kuwafunza wafanyakazi wapatao 10,000 kwa uhalisia pepe. Mfunzwa huvaa miwani inayoziba macho kabisa, hushika vishikio viwili, na mara anajikuta mbele ya mlango wa gari usiokuwapo. Programu humwelekeza aanze na kipande kipi na akaze bolti ipi. Akikosea, hakuna kilichovunjika wala mstari wa kuunganisha uliosimama kwa ajili yake.

Wenye viwanda wanavutiwa hapo. Gari jipya linataka mafundi walio tayari kabla vipuri vyake havijafika, na kumfundisha mgeni kwenye mstari unaotembea ni gharama.

Ila kazi ya kuunganisha ina elimu mbili. Moja ni utaratibu: kipi kitangulie, kinakaa wapi, mkono upite wapi. Hiyo miwani inaifundisha vizuri, kwa sababu mwili wote unashiriki, tofauti na kusoma michoro ukutani. Nyingine iko vidoleni. Plagi ya waya ikiingia sawasawa hutoa mlio mdogo, na kidole huhisi imeshika. Bolti iliyoingia upande huukataa mkono kabla jicho halijaona kasoro. Lakini vishikio vya kawaida vya miwani hiyo hutetema tu. Mlango wa kilo nyingi unauinua kama karatasi. Tayari katika miaka ya 1980 kampuni ya VPL, iliyoanzishwa na Jaron Lanier, iliuza glavu zenye kusoma mikunjo ya vidole. Kuusoma mkono kumbe si shida. Shida ni kuusukuma, na glavu zinazoweza hivyo bado ni ghali.

Kuna pia kichefuchefu, kinachotokea macho yanaposema tunakwenda huku sikio la ndani likisema tumesimama. Kwa bahati, fundi wa kuunganisha husimama karibu mahali pamoja, hivyo huumia kidogo kuliko anayejifunza kuendesha gari. Hata hivyo vipindi viwe vifupi.

Kwa maoni yangu, alama za programu zisimpe mtu ruhusa ya kuingia kazini. Apimwe mezani, kwa chuma halisi na spana yenye kipimo. Tena kiwanda kiwe na mtu wa kusahihisha programu kila muundo wa kipuri unapobadilika, la sivyo mfunzwa atakariri kwa bidii hatua ambazo mstari umekwisha kuziacha.