Anapokataliwa Mtu, Imani Humfaa Nini?

Kukataliwa hakuchagui mtu. Kijana wa Paya, katika Budama ya Magharibi wilayani Tororo, ambaye ng'ombe wa nyumbani aliuzwa ili alipiwe karo, hurudi kutoka shuleni na cheti kisichomfungulia mlango wowote. Binti aliyekwisha chumbiwa, na wazee wakakaa wakazungumza mahari, hupata habari kwamba mchumba wake alivuka Busia akaenda Nairobi, na huko ameoa mwingine. Mama asiyejaliwa mtoto hurudishwa kwa wazazi wake, na mifugo iliyotolewa kwa ajili yake ikadaiwa. Mambo ya namna hii hayatokei Paya peke yake. Hata msomaji aliye mbali na mpaka wa Uganda na Kenya anayafahamu vizuri.

Majirani nao huja kutoa pole. Kama ni Wakristo, aghalabu neno lao la kwanza ni kwamba asilie, kwani Mungu amemwandalia jema zaidi. Hatuna ugomvi na nia yao. Lakini twauliza: ni nani aliyewapa ruhusa ya kumkataza mtu kulia? Hana, ambaye baadaye alikuwa mama yake Samweli, alilia hekaluni mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko ya watu wanaomwuliza Mungu amewasahau mpaka lini. Yesu mwenyewe alifukuzwa na watu wa Nazareti, mji aliokulia, nao walikusudia kumtupa kutoka ukingo wa mlima. Na alipofika kwenye kaburi la rafiki yake, alilia. Dini iliyoandikwa kwa machozi kiasi hicho haiwezi kugeuzwa kuwa kitambaa cha kumziba mtu kinywa.

Basi imani hufaa nini? Swali hili hatupendi kulijibu kwa maneno matupu, na bahati nzuri hatuna haja, kwa maana Tororo ina habari yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ililituhumu Kanisa la Uganda kwamba lilikuwa likificha silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari waliingia kwa nguvu nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Namirembe, wakapekua kila pembe. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Dayosisi ya Bukedi, ambayo makao yake ni mjini Tororo, nayo ilipekuliwa, na askofu mwenyewe akatiwa mbaroni kwa muda. Maaskofu waliandika barua kwa Amin, wakamweleza bila kuzungukazunguka hofu iliyowajaa wananchi. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa mjini Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Wachache waliamini.

Oboth-Ofumbi alikuwa mwana wa Budama. Mwaka 1960, kabla ya vyeo, alikuwa ameandika kitabu cha historia na desturi za Jopadhola, watu wake. Alikuwa ameitumikia serikali ileile iliyomgeuka. Katika maisha ya mwanadamu hakuna kukataliwa kuliko kubaya zaidi ya kukataliwa na yule uliyemtumikia, na wajane na watoto wa siku zile walikunywa kikombe hicho hadharani, huku redio ikiwaambia kwamba ni ajali tu.

Kanisa lilinyimwa hata maiti. Kaburi la Luwum lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini askari waliupeleka mwili wake Mucwini, kijijini kwake karibu na Kitgum, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walihudhuria ibada Namirembe, kisha wakakusanyika mbele ya kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha waombolezaji yale ambayo malaika aliwaambia wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka. Watu wakaimba. Wengine waliona kuimba mbele ya shimo tupu, katika mji uliojaa wapelelezi, kuwa ni wazimu. Sisi twaona kwamba hapo ndipo lilipo jibu la swali letu, au angalau mwanzo wake: watu wale hawakuambiwa wajifanye kwamba kaburi halipo. Walisimama mbele yake wakalitazama.

Maaskofu kadhaa ilibidi wakimbie nchi, Okoth akiwa mmoja wao. Wananchi wengi wa mashariki nao walivuka kuingia Kenya, na kwa watu wa Tororo njia ilikuwa fupi, kwani Malaba na Busia si mbali. Ufupi wa njia lakini haukupunguza uchungu. Mtu alikuwa akiwaona kwa macho watu wa lugha yake na vilima vya kwao, na hawezi kurudi. Wazee wa Jopadhola tangu zamani walimwita Mungu kwa jina la Were, wakasema kwamba yuko Were wa uani, alindaye nyumba, na Were wa porini, aendaye pamoja na mtu aliye mbali na kwao. Wahubiri wa kwanza huenda hawakuyathamini mafundisho hayo. Lakini mkimbizi aliyelelewa akisikia habari za Were hakuhitaji kufafanuliwa sana maana ya Mungu aliyemfuata Yusufu mpaka gerezani Misri.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye alitoroka kwa miguu pamoja na mkewe Mera wakapita milimani hadi Rwanda, ameacha ushuhuda ambao kila aliyekataliwa angefaa kuujua. Alieleza kwamba katika uhamisho moyo wake ulianza kuwa mgumu kwa chuki juu ya Amin, na kwamba chuki hiyo ilikuwa ikimnyang'anya uhai wake wa kiroho. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, akiketi kanisani. Aliposikia sala ambayo Yesu aliwaombea waliomsulubisha, alitambua kwamba yeye mwenyewe hakuwa tayari kuomba hivyo, akaungama. Baadaye alitoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni "Nampenda Idi Amin". Wako waliokasirishwa na jina hilo, nasi hatuwashangai. Lakini ieleweke kwamba askofu huyo hakuacha kutangaza maovu ya utawala ule popote alipoalikwa. Alisamehe, na aliendelea kusema ukweli. Watu wengi hudhani kwamba mtu lazima achague moja.

Kivengere aliyajifunza wapi haya? Yeye, kama Luwum na Sabiti, alikuwa mtu wa ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, ambao wafuasi wake huitwa Walokole. Desturi yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni: mtu husimama mbele ya wenzake akataja wivu wake, kinyongo chake, hata kuvunjika kwake moyo, kabla mambo hayo hayajaota mizizi. Desturi hiyo ina hatari zake, kwa kuwa si kila jambo la nyumbani lafaa kusemwa mkutanoni, na wako walioifanya kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Hata hivyo ilifundisha kizazi kizima kwamba uchungu husemwa.

Na uamsho wenyewe ulipata kukataliwa, tena na Kanisa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa baada ya kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri. Miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, aliyekuwa akisomea ukasisi. Hakupata kamwe kuwekewa mikono. Mlango ule ulifungwa ukabaki umefungwa, nasi twalisisitiza jambo hili kwa sababu wahubiri wa siku hizi wamezoea kuwaahidi watu kwamba kila mlango unaofungwa utafunguliwa maradufu. Nagenda aliendelea kuhubiri bila cheo, Uganda na ng'ambo, na wenzake wakabaki ndani ya Kanisa lililowafukuza badala ya kuunda lao. Mwaka 1966, miaka 25 baada ya Mukono, Sabiti, mlokole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu. Yona Okoth naye alirudi kutoka uhamishoni, na mwaka 1984 akakalia kiti hichohicho cha Luwum. Amin hakusimama mbele ya mahakama yoyote. Alifia Jeddah, Saudi Arabia, mwezi Agosti 2003. Kwa jamaa za waliouawa, msamaha ulilazimika kutolewa bila hukumu kutangulia, kama ulitolewa. Si wote walioweza, na hatuoni kwamba mtu aliye nje ya msiba ana haki ya kuwahimiza.

Tukirudi Paya, kwa yule kijana, yule binti na yule mama, hatusemi kwamba mambo yao ni sawa na ya mwaka 1977. Ila moyo ni uleule. Kijana ambaye cheti kimemwangusha haombewi tu. Atafutiwe fundi wa useremala au wa baiskeli atakayemchukua, na aruhusiwe kusema mbele ya wazee kwamba anaona aibu juu ya ng'ombe aliyeuzwa. Binti asikaripiwe kwa kumtaja aliyemwacha. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa. Jumuiya isiyoweza kumwambia binti huyo habari hiyo kwa unyoofu, badala ya kumwahidi mume mwingine kabla ya Krismasi, itampoteza.

Na mama aliyerudishwa kwao, ambaye Jumapili huketi kiti cha nyuma karibu na mlango ili atoke kabla ya salamu, aendewe Jumatatu nyumbani. Waende wanawake wawili au watatu, na majembe, kwa sababu kaka zake huenda bado hawajamkatia sehemu ya shamba, na mvua za kupandia ulezi hazimngoji mtu.