Tuta la dania lina somo lisilomo kitabuni

Mwanafunzi mmoja aliniletea fungu la dania, akadai kwamba aliipanda mwenyewe nyumbani kwao. Lilikuwa fungu la kupendeza. Hata hivyo, lilikuwa lingali limefungwa kwa kamba ya mgomba, vile vile linavyouzwa sokoni. Nilipomuuliza mbegu zilichukua siku ngapi kuota, aliinamisha kichwa. Kumbe mamake alikuwa amelinunua asubuhi ile ile, mwanawe asije akakosa alama.

Simlaumu mtoto, wala simlaumu mama. Lawama ni yetu sisi walimu. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, tuliahidi kwamba mwanafunzi angejifunza kwa kutenda. Lakini aghalabu tunachotuza ni fungu, si jasho lililolizaa.

Laiti mtoto yule angepanda, angejua mengi. Angejua kwamba punje ile ya mviringo ina mbegu mbili ndani yake, na kwamba ni heri kuisugua taratibu hadi ipasuke kabla ya kuipanda. Angeifukia kina cha sentimita 1 hivi, papo hapo itakapokulia, kwa kuwa dania haipendi kuhamishwa. Kisha angesubiri wiki 1 hadi 3, akinyunyizia maji udongo usioonyesha dalili yoyote ya uhai. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo lilipo somo lenyewe.

Baada ya wiki 6 hivi angeanza kuvuna. Asingeng'oa mmea mzima, bali angekata vikonyo vya nje na kuyaacha majani machanga ya katikati yaendelee kukua. Jua likizidi na maji yakipungua, dania huharakisha kutoa maua, na majani yake huwa membamba kama nyuzi. Mwenye pupa huing'oa akaitupa. Mwenye busara huiacha ikomae, akapata kiungo cha pilau na mbegu za msimu ujao.

Wala asiseme mtu kwamba hana shamba. Karai kuukuu lililotobolewa chini na kuwekwa penye jua latosha.

Walimu wenzangu, hebu tutuze daftari badala ya fungu: tarehe ya kupanda, tarehe ya kuota, na hitilafu zilizotokea. Mtoto ambaye mbegu zake zilioza kwa maji mengi, naye akaweza kueleza sababu, amejifunza kuliko aliyeleta mboga za sokoni. Tukimnyima alama kwa kushindwa, tutakuwa tunamfunza udanganyifu, na udanganyifu ni mmea usiohitaji mbolea.

Yule mwanafunzi wangu sikumwadhibu. Nilimpa punje 10 za dania, nikamwambia arudi baada ya majuma 6 akiwa na daftari lake, hata kama atarudi bila jani. Mchumia juani hulia kivulini.