Plastiki Zinazoachwa na Wajenzi wa Umeme, na Jinsi ya Kuzifanya Mali

Bonde letu la Kilombero lasifika kwa mpunga, miwa na samaki. Wachache hukumbuka kwamba ni bonde la umeme pia. Upande wa kaskazini mitambo ya Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975 kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na nguvu yake sasa ni megawati 204. Katika milima ya Udzungwa uko mtambo wa Kihansi wenye megawati 180, ulioanza kazi mwaka 2000; maji yakiisha kuuzungusha huteremka kuingia Mto Kilombero. Na mto wetu huu, ukiisha kukutana na Mto Luwegu, ndio unaoitwa Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na nguvu ya megawati 2,115. Basi maji yapitayo hapa Kivukoni leo, baadaye huwasha taa za miji ya mbali.

Umeme wa maji, wa jua na wa upepo huitwa umeme safi, kwa kuwa hauchomi mafuta wala makaa. Jina hilo ni la haki. Lakini vyombo vya kuutengeneza na kuusambaza huja vimefungwa katika plastiki. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo na nyaya zimefika katika vijiji vingi vya nchi yetu. Tena tangu daraja kubwa lilipofunguliwa mwaka 2018 karibu na kivuko cha zamani, malori huvuka mto bila kungoja pantoni. Vyombo hushushwa, mafundi hufanya kazi yao, huondoka. Na maganda hubaki. Nataka kueleza maganda hayo ni ya namna gani, kwa nini hayafanani, na yatupasa kuyafanya nini.

Kwanza yafaa kujua kwamba plastiki na umeme ni ndugu wa zamani. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza plastiki ngumu iitwayo bakelaiti, ambayo ilitumiwa sana katika swichi na soketi kwa sababu haipitishi umeme wala haiyeyuki kwa joto. Mwaka 1933 wataalamu wa kiwanda kimoja cha kemikali huko Uingereza walipata kwa bahati vumbi jeupe kama nta. Vumbi hilo ndilo polithini. Kabla mtu hajawaza kuifanya mfuko wa sokoni, polithini ilitumiwa kufunika nyaya za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo tusistaajabu kuona kila mahali pa ujenzi wa umeme pamejaa plastiki. Bila plastiki waya ungemuua fundi.

Sasa tutazame zile zinazobaki. Paneli za jua huja zimezungushiwa nailoni nyembamba, na pembe zake hukingwa kwa vipande vya plastiki ngumu. Vyombo vinavyovunjika huwekewa lile povu jeupe jepesi. Nyaya za chini ya ardhi hupitishwa katika mabomba meusi au ya kijivu, na vipande vinavyokatwa hutupwa. Saruji na kemikali huletwa katika viroba na mapipa ya bluu. Mwisho yapo maganda ya nyaya zenyewe. Mtu akiyaona yote katika rundo moja husema, "Plastiki ni plastiki." Hapo ndipo kosa linapoanza.

Plastiki zote zaweza kugawanywa katika makabila mawili. Kabila la kwanza ni kama nta ya nyuki: ukiipasha moto huyeyuka, ikipoa hushikana, na waweza kurudia tena. Kabila la pili ni kama yai: likiisha kuchemka haliwezi kurudi kuwa bichi. Nailoni, viroba, mabomba na mapipa ni wa kabila la nta. Bakelaiti, ganda la ndani la nyaya nyingi kubwa za umeme, na mapanga ya mitambo ya upepo ni wa kabila la yai. Hayo ya pili, hata ukiyachoma mchana kutwa, hayatakuwa uji wa kumimina katika kalibu. Yatakuwa moshi na mkaa.

Hata katika kabila la nta koo zake hazifanani. Nailoni laini huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, plastiki ya mabomba meusi na mapipa kwenye nyuzi 130 hivi, na ya viroba kwenye nyuzi 165 hivi. Hizo tatu hupatana kwa kiasi. Adui yao ni ile ya herufi PVC, ambayo hufanya mabomba mengi ya kijivu na ganda la nje la nyaya nyingi. Ndani yake mna klorini. Ikizidishiwa moto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na maji, hata majimaji ya macho na mapafu, huwa asidi. Kipande kidogo cha PVC kikiingia katika chungu cha plastiki nyingine huiharibu yote, kama wasemavyo wavuvi wetu kwamba samaki mmoja akioza huoza wote.

Basi tutazitambuaje? Nyingi zina alama ya pembetatu yenye tarakimu, utaratibu uliobuniwa Marekani mwaka 1988. Tarakimu 2 ni ya mapipa na mabomba meusi, 3 ni PVC, 4 ni nailoni laini, 5 ni ya viroba, na 6 ni ya lile povu jeupe. Kama alama imefutika, liko jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la tano aweza kulifanya. Kata kipande kidogo, kioshe, kizamishe katika ndoo ya maji na kukisugua ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie. Cha namba 2, 4 na 5 kitaelea, maana ni vyepesi kuliko maji. Cha PVC kitazama. Lakini jaribio hili lina mipaka miwili. Povu jeupe huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake, na ganda la ndani la nyaya kubwa huelea ingawa haliyeyuki. Kwa hiyo maganda ya nyaya yawekwe mbali tangu mwanzo.

Zipo hatari mbili ambazo yatupasa kuzieleza nyumbani wakati wa likizo, kwa sababu zinagusa maisha ya watu. Ya kwanza ni kuchoma nyaya ili kupata shaba. Vijana hukusanya vipande vya waya, huvitia moto, na kuuza shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wa maganda yale una asidi niliyoitaja, tena una sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Shaba yaweza kutolewa kwa kisu bila moto. Ni kazi ya polepole, lakini shaba isiyoungua ni safi zaidi, na mapafu hubaki salama.

Hatari ya pili ni mapipa ya bluu. Pipa lenyewe ni zuri, halishiki kutu, na kila mama angependa kuwa nalo. Lakini pipa lililowekwa dawa ya kuchanganya na saruji, mafuta ya mitambo au dawa ya kuhifadhia nguzo lisiwekwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa kwa sabuni mara kumi. Plastiki hunywa kidogo kile kilichowekwa ndani yake, kisha hukitoa polepole. Pipa ambalo hatujui lilibeba nini, tulihesabu kuwa lilibeba sumu.

Je, yako mahali ambapo watu wameifanya plastiki iliyotupwa kuwa kitu bora? Yako, wala si Ulaya peke yake. Huko Lamu mafundi wa jahazi, wakiongozwa na Fundi Ali Skanda, waliyeyusha plastiki, wakaifanya mbao, wakaichonga kwa ufundi ule ule wa wazee wao. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lina urefu wa mita 9 hivi na lilitumia plastiki ya tani 10 hivi, na ubavuni likapambwa kwa ndala zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar.

Mjini Nairobi mhandisi Nzambi Matee alianzisha kiwanda kinachochanganya plastiki na mchanga, kuupasha moto mchanganyiko huo, na kuukandamiza kwa mashine kuwa matofali ya kutandaza njiani. Mwaka 2020 alipata tuzo ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Jambo la kuangalia ni kwamba plastiki yake nyingine hutoka katika viwanda, nayo huchaguliwa kwa aina kabla ya kuguswa na moto.

Hata kabila la yai limepata kazi. Kule Turkana, Kenya, kuna mitambo 365 ya upepo. Kila mmoja una mapanga matatu, basi jumla ni mapanga 1,095, yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi isiyoyeyuka. Yakichakaa yatafanywa nini? Katika jimbo la Cork, nchini Ireland, mwaka 2022 walichukua mapanga ya zamani, wakayafanya nguzo za daraja la waenda kwa miguu, zile za kubeba uzito kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kisichoyeyuka walikitumia kwa nguvu yake kilivyo.

Kutokana na mifano hiyo twaweza kupata utaratibu wa hapa kwetu. Kwanza, kitu kitumike kilivyo, bila moto, kama chaweza. Vipande vya bomba jeusi vyafaa kupitishia maji ya bustani, na hudumu juani kwa sababu vimetiwa masizi yanayozuia miale ya jua. Viroba, vikiisha kukung'utwa saruji yote, vyafaa kujazwa udongo wa kuzuia maji ya mvua yasimomonyoe njia. Lakini nailoni ya paneli isitumiwe kuanikia mpunga. Haina masizi yale. Jua huifanya kavu ikavunjika vipande vidogo, navyo huingia katika mchele.

Pili, zinazoelea, baada ya kutengwa na povu na maganda ya nyaya, ziuzwe au zipelekwe kwa mwenye mashine inayopima joto. Zisiyeyushwe katika sufuria nyuma ya jikoni. Tatu, zisizoyeyuka, na mapipa ya sumu, zirudishwe kwa mjenzi aliyezileta.

Hapa mtu aweza kuuliza: mjenzi atakubali? Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 haikugusa vifungashio vya viwandani wala vya ujenzi. Lakini ipo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ambayo yataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa, na takataka zake ni sehemu ya tathmini hiyo. Kwa hiyo wanakijiji wana haki ya kuuliza katika mkutano, siku ile ya kwanza mradi unapotangazwa: maganda yatakwenda wapi, na nani atayachambua? Siku ya mwisho, malori yakiisha kuondoka, hakuna wa kujibu.

Wengine husema kwamba plastiki ikifanywa tofali bado ni plastiki, na tofali nalo litachakaa. Wasema kweli. Kuigeuza hakuimalizi, kunaipa kazi ya miaka mingi badala ya siku moja, na kunaiweka mahali tunapoiona. Dawa iliyo bora ni mjenzi kuleta vifungashio vichache tangu awali.

Kwetu sisi jambo hili halingoji. Bonde hili liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, kwa ajili ya ndege, samaki na sheshe wake. Kila mwaka, wakati wa masika, mto hupanda na kufunika mbuga. Rundo la plastiki lililoachwa ukingoni mwezi wa Januari, mwezi wa Aprili halipo tena. Limekwenda mashambani, katika nyavu za wavuvi, na kuelekea Rufiji. Muda wa kuchambua ni kabla ya maji kupanda.

Nashauri Chama cha Sayansi cha shule yetu kiweke ndoo ya maji na masanduku manne karibu na karakana: la zinazoelea, la zinazozama, la povu jeupe na la maganda ya nyaya. Vipande vya waya na bomba hapa shuleni havikosekani. Mwanafunzi aliyezoea kuchambua sanduku dogo, atajua la kusema mkutanoni rundo kubwa litakapofika kijijini kwao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne