Honfleur: Bandari iliyoshindwa na tope

Mto huleta riziki, na mto huohuo huleta tope. Chukua ramani ya Ufaransa, ufuate mto Seine kutoka Paris hadi unapoingia baharini. Kwenye ukingo wa kusini utakuta mji mdogo wa Honfleur, wenye wakazi wapatao 7,000.

Zamani mahali hapa palikuwa kama mlango wa nyumba. Aliyeushika aliweza kuzuia meli zisipande mto kuelekea Rouen na Paris. Ndiyo maana Waingereza waliukalia kuanzia 1419 hadi 1450. Walipoondoka, wenyeji walitaka kumshukuru Mungu kwa kanisa jipya. Mafundi waliokuwapo walikuwa wa kuunda meli, basi wakalijenga kwa mbao, na dari lake likafanana na merikebu mbili zilizopinduliwa. Kanisa hilo la Mtakatifu Katarina lipo hadi leo.

Lakini tope halikulala. Bandari za eneo hilo zilizidi kujaa, na mwaka 1517 Mfalme François wa Kwanza akaamuru ijengwe bandari mpya ng'ambo ya pili, Le Havre. Taratibu meli kubwa zikahamia huko.

Hata hivyo Honfleur haikukunja matanga. Mwaka 1608 Samuel de Champlain aling'oa nanga hapo, akaenda kuanzisha mji wa Quebec, Kanada. Wavuvi wake walivuka bahari hadi Newfoundland, na samaki wao walihifadhiwa kwa chumvi. Maghala ya mawe ya chumvi hiyo, yaliyojengwa karne ya 17, bado yamesimama.

Kuna ukurasa mwingine ambao watalii wengi hawaufungui. Katika karne ya 18 meli za Honfleur zilikwenda pwani ya Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwauza visiwa vya Karibi. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ukakomeshwa kabisa 1848.

Mimi nilisoma ukimbizini, Kigoma, jirani na Ujiji, ambako misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita. Leo nikiwa nyumbani Burundi nafundisha jiografia, na siridhiki mwanafunzi akinitajia bandari kwa kina cha maji na idadi ya meli tu. Namuuliza: ni nini kilipakiwa, na nani alifaidika?

Siku hizi Honfleur huishi kwa wageni. Wanakuja kutazama nyumba nyembamba ndefu zinazozunguka bandari ya kale, zilezile alizozichora Eugène Boudin, mzaliwa wa hapo mwaka 1824. Tangu 1995 daraja la Normandie, lenye urefu wa mita 2,143, huunganisha pande mbili za mto.

Uzuri wake ni wa kweli. Ila anayesoma ramani bila historia ameona nyumba, hajawaona waliolipia matofali.