Usalama wa majini upimwe kwa muda, si kwa umbali

Mkazi wa Nyasubi, Kahama, haishi kando ya Ziwa Victoria, lakini biashara na undugu humfikisha ziwani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea foleni ya kivuko, ila anayekwenda visiwa vya Kome, Maisome au Ukerewe bado hana budi kupanda chombo. Je, chombo kidogo cha abiria kibebe vifaa gani vya kujiokolea? Mazoea hujibu kwa kutazama umbali: kikipita karibu na nchi kavu, maboya ya kuvaa yanatosha. Lakini Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41, na giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Nchi kavu ilikuwa karibu; msaada ndio uliokuwa mbali. Kigezo basi kiwe muda ambao abiria atakaa majini kabla ya kufikiwa: ukiwa mrefu, boya halitoshi, panahitajika chelezo, yaani chombo cha dharura kinachombeba nje ya maji.

Wapo watakaosema maji ya Ziwa Victoria si ya baridi kali, hivyo boya linatosha. Ni kweli baridi haiui haraka huku, lakini uchovu, mawimbi na usiku huua, na mtoto mchanga hawezi kuelea kwa saa nyingi. Wengine watauliza chelezo lingesaidia nini chombo kikipinduka ghafla. Ndiyo maana yapo machelezo ya kujaza upepo yanayojifyatua yenyewe chombo kinapozama, na ndiyo maana maboya yavaliwe kabla ya kung'oa nanga, yasifungiwe stoo. Hata hivyo, hesabu ya vifaa hufuata hesabu ya watu: MV Nyerere iliruhusiwa kubeba abiria 101, na kwa idadi ile ya waliokufa na waliookoka, hata vifaa kamili vya chombo hicho vingewapungukia wengi.

Gharama ni hoja nzito. Hata Marekani, iliyotunga sheria mwaka 2010 ya kutaka vifaa vinavyomtoa abiria majini kabisa, iliahirisha utekelezaji baada ya wenye vyombo kulalamika. Lakini kigezo cha muda hakimbebeshi kila mwenye boti chelezo. Penye boti ya uokoaji iliyo tayari usiku na mchana, maboya yanaweza kutosha. Pasipo nayo, chelezo ni lazima. Kwa hiyo TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini Tanzania, kabla ya kukipa chombo cheti, lijiulize kwanza: chombo kikizama hapa, nani atafika, kwa chombo gani, na baada ya dakika ngapi?